Mifugo ya Wajir ina bima, mpangaji je?

Mwaka 2013, kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kuwauzia wafugaji wa Wajir bima ya mifugo. Machi 2014, wafugaji wapatao mia moja walilipwa baada ya malisho kukauka. Oktoba 2015, serikali nayo ikaanzisha mpango wake Wajir na Turkana, ikizilipia ada kaya zilizochaguliwa. Kwa hivyo, anayesema watu wa kaskazini mashariki hawaijui bima amekosea. Linalonishughulisha mimi ni jingine: ng'ombe wa malishoni anaweza kuwa na bima, huku mwalimu au muuguzi aliyepanga chumba mjini Wajir hana. Na sisi wapangaji wa Mombasa na Malindi tuko vivyo hivyo.

Wengi wetu hudhani mwenye nyumba akiwa na bima, sote tumo. Hatumo. Bima yake hulinda kuta na paa. Friji, godoro, cherehani na nguo ni juu yako. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zilipofurika Wajir, Garissa na Mandera, maji hayakuuliza nani ana hati ya nyumba na nani analipa kodi. Na gesi ilipolipuka Embakasi, Nairobi, usiku wa Februari 1, 2024, moto uliingia hadi kwenye makazi ya watu.

Kwa Waislamu wengi kikwazo si pesa tu, ni hofu ya riba na gharari. Hapa Wajir ina la kutufunza, kwani bima ile ilijengwa juu ya takaful: wanachama huchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, na kampuni huusimamia kwa ujira. Mwenye shaka amuulize shehe wake, lakini aende na mkataba mkononi, asiende na uvumi.

Kuna tofauti moja kubwa. Mfugaji hahitaji kuonyesha mzoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, hulipwa. Mpangaji hana setilaiti; lazima athibitishe alichopoteza. Basi piga picha vitu vyako, weka risiti, na nakala mtumie ndugu anayeishi kwingine.

Kabla ya kulipa, uliza: mafuriko yamo? Wizi je? Jiko langu likiunguza nyumba ya mwenyewe, nani atalipa? Hasara ya kwanza nitabeba kiasi gani mwenyewe? Hakikisha pia kampuni ina leseni ya IRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Wala usipunguze thamani ya vitu ili ada iwe ndogo. Ukisema mali ya shilingi 200,000 ni ya 100,000, kisha ukapata hasara ya 50,000, kampuni inaweza kukulipa 25,000 tu.

Najua jibu la wengi: tuna michango. Ni kweli, na Mungu atuzidishie moyo huo. Lakini mchango hufaa nyumba moja ikiungua na kumi zikiwa salama. Maji yakiingia mtaa mzima, atakayekuchangia naye anatafuta pa kulala.