Setilaiti haikuiona kafyu ya Kitale

Ukikutana na picha ya setilaiti ya usiku wa korona, na Kitale na Bungoma bado zinang'aa, usiseme eti biashara ilikuwa sawa tu. Suomi NPP ya Marekani hupita juu yetu mwendo wa saa saba na nusu usiku. Saa hiyo nani huuza smokie?

Juni 2021, Bungoma na Trans Nzoia zilikuwa kati ya kaunti 13 zilizofungiwa kuanzia saa moja jioni. Kwingine ilikuwa saa nne. Saa tatu hizo ndizo za muuza chipsi, mama samaki na jamaa wa bodaboda. Taa ya ulinzi ya duka lililofungwa, nayo, huwaka hadi asubuhi. Huko angani ni mwanga tu.