Moshi ilipunguka, udongo je?

Bandugu ba Lubumbashi, ile shemine kila mutu anaijua. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kwa miaka mingi upepo ulisukuma moshi wake kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga. Kule kuna fasi ambayo mpaka leo hata majani inaota kwa shida. Shaba, kobalti, zinki, plombu, kadmiumu, aseniki: vyote vilibaki mu udongo. Metali haiozi kama ganda la ndizi.

Bakubwa banatuambia moshi ya zamani haiko tena. Sawa. Lakini potopoto ya muto Lubumbashi iko. Mvua ikinyesha kwa nguvu, mayi inainua potopoto ya chini, inaipeleka mpaka ku Kafubu, na ku bustani za bamama kandokando. Lengalenga inapendeza macho, kumbe ni mboga inayovuta sana kadmiumu mu majani yake. Hatusemi muache kuikula (tutakula nini?), na bamama bale habana kosa.

Baprofesa ba UNILU balishapima udongo na mboga. Balijaribu hata chokaa, mbolea na nyasi ya kwetu, *Microchloa altera*: haiondoe metali, lakini inaifunga isitembee. Ile kazi inalala mu maktaba.

Tunadai kwa meya na gavana: mupime udongo na potopoto, kartie kwa kartie, muanze na viwanja vya masomo. Hesabu zibandikwe ku biro ya kila kartie, kwa Kiswahili, mbele mvua ianze.