Hodi ya Mchukuzi wa Dawa

Wasifuo biashara ya kuagiza dawa kwa simu na kuletewa nyumbani kwa pikipiki huitetea kwa hoja ya masafa. Uwanda wa kati, wasema, ni mpana. Mgonjwa wa Bahi au wa Mpwapwa ahurumiwe. Huruma hiyo ni njema, walakini imeelekezwa kusiko. Biashara hufuata mteja mwenye simu ya intaneti, fedha za uchukuzi na barabara ya lami, na mteja huyo aghalabu yumo Dodoma mjini, hatua chache kutoka famasi iliyo wazi. Bahi yatajwa ili Dodoma iuziwe.

Tena, kuwapelekea watu dawa walipo si jambo jipya katika nchi ya Wagogo. Kongwa yajulikana na matabibu wa macho wa dunia nzima kwa utafiti wa ugonjwa wa vikope uliofanywa huko, na azithromaisini, dawa ambayo dukani yataka cheti, iligawiwa katika vijiji vyake kwa wakubwa na wadogo. Katika ugawaji wa namna hiyo mtoto husimamishwa kando ya fimbo yenye alama, na kipimo chake cha dawa hutokana na urefu wake. Humeza akitazamwa, na habari zake huandikwa daftarini. Mgawaji si tabibu. Walakini amefundishwa la kuuliza.

Mchukuzi wa pikipiki hana fimbo, wala si kosa lake. Yeye huuliza nyumba ni ipi na fedha ziko wapi. Apaswaye kuuliza kama mama ana mimba, kama anameza dawa nyingine, kama mwili wake uliwahi kuikataa dawa hiyo, ni mfamasia, ambaye kazi yake Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 imeiweka chini ya Baraza la Famasi. Cheti cha karatasi chaweza kupigwa muhuri kikiisha kutumika. Picha ya cheti yaweza kupelekwa maduka matatu kwa siku moja, na kila duka likaiona mpya. Na insulini, ambayo ghalani hutaka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, hupita katika jua la Dodoma ndani ya sanduku ambalo mnunuzi hajui hali yake.

Hujibiwa kuwa hata famasi zenye milango huuza antibayotiki bila cheti. Mwizi hatakasiki kwa kumwonyesha mwizi mwenzake; na vijidudu vilivyozoea dawa havibagui ilitoka duka gani.

Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa ndege zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zingepeleka dawa na damu kwenye vituo vya afya zaidi ya 1,000 nchini, kituo chao cha kwanza kikiwa Dodoma. Mpango haukuanza kama ulivyotangazwa, lakini ulikuwa na fikira moja ya busara: mzigo ungeshukia zahanati, mikononi mwa mganga, si uani kwa mgonjwa.

Wapo wastahilio kuletewa: mwenye kisukari amezaye dawa ile ile mwezi hata mwezi, na asiyeweza kutembea. Hao wasinyimwe. Lakini kasha lisitoke kabla mfamasia hajazungumza na mgonjwa, kwa Kigogo ikibidi, maana Kiingereza kilichochapwa juu yake hakimwambii kitu bibi wa Chamwino. Jina la mfamasia huyo liandikwe juu ya kasha pamoja na namba yake ya usajili, na muuzaji akataaye kuliandika Baraza limfungie duka.