Faili Zinazokataa Kuingia

Juma lililopita tulikuwa Kericho kwa binti yetu aliyeolewa huko, penye mashamba ya chai yanayoendelea hadi Bomet na mvua isiyokosa alasiri. Mama mkwe wake alifariki mwaka jana, Mola amrehemu. Binti alitaka kuunganisha video fupi za marehemu ziwe filamu moja, ili jamaa wa Mombasa waliokosa maziko wamwone na kumsikia.

Kompyuta ya nyumbani ni ya Windows 7, yenye Movie Maker ambayo Microsoft iliacha kuitoa Januari 2017. Tulipoingiza video, ya simu ya zamani ilikubaliwa. Ya simu mpya ya mjukuu ikakataliwa, ingawa majina ya zote mbili yaliishia kwa MP4. Kijana mmoja akabadili mwisho wa jina uwe WMV. Haikufaa kitu, kwani alibadili lebo tu.

MP4 ni mfano wa kopo. Kopo lililoandikwa chai laweza kutiwa iliki, na mpishi hajui mpaka afungue. Ndani ya MP4 picha hushindiliwa kwa njia mbalimbali. Ile ya H.264, iliyotoka mwaka 2003, yafahamika na karibu kila programu. H.265 ya mwaka 2013 hubana zaidi, na simu nyingi mpya huitumia ili kuokoa nafasi, lakini programu kongwe haiwezi kuifungua. Simu za iPhone nazo zimeitumia tangu iOS 11 ya mwaka 2017.

Tulitumia VLC, ambayo ni ya bure. Katika menyu ya Media tulichagua Convert / Save, kisha H.264 pamoja na MP3, tukaipa faili mpya jina lake na kuiacha ya asili ilipo. Kungoja kulikuwa kurefu (chai ilipikwa mara mbili), lakini video iliingia.

Lililotuuma ni jingine. Movie Maker hainakili video ndani ya kazi unayoihifadhi; hukumbuka tu mahali faili ilipo. Mtoto, kwa kumwona bibi yake kwenye skrini, alidhani amekwisha kuhifadhiwa, akafuta video moja kwenye flashi apate nafasi. Asubuhi palikuwa na alama ya onyo pale bibi alipokuwa akicheka. Nacho kinachofutwa kwenye flashi hakipiti katika pipa la taka la kompyuta. Ndipo tukafungua folda moja kwenye diski, tukanakili humo kila faili iliyobaki, na kuziingiza upya kutoka huko.

Mola hakutunyima. Wifi yake binti aliyeko Bomet alikuwa ametumiwa video hiyo kwa WhatsApp kabla ya msiba, naye hakuifuta. Ilirudi imefifia, maana WhatsApp huzishindilia upya video inazozipitisha, uso ukawa na ukungu. Kicheko kilikuwa kile kile.