Waya, Chuku na Mfuko wa Mnunuzi

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii inazifaa sana nyaya za kuunganishia vyombo vya muziki na spika, ambazo hutembezwa kwa maneno matamu kuliko muziki wenyewe. Tunaambiwa kuwa waya fulani huipa sauti joto, kwamba mwingine huliondoa pazia lililomsitiri mwimbaji. Kadiri tamathali zinavyozidi, ndivyo bei inavyopaa.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunaijua lugha hiyo. Ni istiari na chuku. Malenga akidai kuwa machozi yake yameifurisha bahari, hakuna aendaye ufuoni kupima kina cha maji, kwani chuku yake haimgharimu mtu chochote. Muuza waya huitoza chuku yake fedha. Kwa maoni yangu, dai linalolipiwa sharti litamkwe kwa lugha inayopimika.

Hebu basi tupime. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukitandazwa mita 3 hadi kwenye spika, huwa na ukinzani wa takribani omu 0.07 kwenda na kurudi. Spika nyingi za nyumbani zina takribani omu 8. Ukinzani wa waya, kwa hivyo, haufikii hata asilimia 1 ya ule wa spika. Fedha, madini yanayosifiwa mno katika matangazo hayo, huishinda shaba katika kupitisha umeme kwa takribani asilimia 6 tu. Waya wa shaba ulionenepa kidogo huliziba pengo hilo kwa bei nafuu.

Mwaka 2008 kampuni ya Denon ya Japani iliuza waya wa mita 1.5, wa aina ileile ya kuunganishia kompyuta, kwa dola 499. Waya huo ulichorwa mishale ya kuonyesha upande ambao ishara zielekee. Ilhali ishara za kidijitali ni tarakimu tu, sifuri na moja. Zikifika zilivyotumwa, ughali wa waya hauwezi kuziongezea utamu.

Mwaka 2007, James Randi, mwanamazingaombwe mashuhuri wa Marekani, aliahidi dola milioni 1 kwa yeyote ambaye angeweza kutofautisha, kwa masikio pekee, waya wa kampuni ya Pear uliouzwa kwa dola 7,250 na waya wa kawaida. Mazungumzo yalivunjika na jaribio halikufanyika. Kitita hicho hakikuwahi kuchukuliwa na mtu yeyote.

Haki itendeke: waya si kitu cha kupuuzwa. Ukiwa mwembamba na mrefu kupita kiasi, nguvu hupotea njiani. Waya wa maikrofoni usiokingwa vyema huleta mvumo, na kiungo kilicholegea hukatiza sauti. Haya yote hupimika. Aidha, anayesema kuwa amesikia tofauti huenda hasemi uongo. Ajuaye bei ya kitu hukisikiliza kwa matarajio, na sauti iliyozidi kidogo tu kwa nguvu hudhaniwa kuwa bora. Ndiyo maana jaribio la haki humficha msikilizaji asijue ni waya upi unaotumika.

Wasomi wenzangu, jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Wengi wetu tutaajiriwa kutunga na kutafsiri matangazo. Siku moja tutakabidhiwa sentensi isemayo kuwa waya huu huipa sauti uhai, nasi tutatakiwa kuitafutia Kiswahili kitamu. Kabla ya kushika kalamu, tumuulize mwenye bidhaa: uhai huo husikika vipi, na ni nani aliyeusikia bila kuonyeshwa bei? Akikosa jibu, ajue kwamba anatuomba tumsaidie kuuza mbuzi guniani. Ufasaha wetu usiwe gunia hilo.