Frigo ya chanjo ikizimika, fundi atangulie kabla ya frigo mpya

Vituo vingi vya afya vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, viko mbali na umeme wowote wa laini. Huko chanjo za watoto zinategemea frigo ya jua. Ikizimika, jibu lililozoeleka ni kuwaomba wafadhili walete nyingine. Jibu hilo linachelewa, na wanaoumia ni watoto.

Frigo za jua za siku hizi nyingi hazina betri. Mchana paneli zinaendesha kompresa moja kwa moja, na baridi inatunzwa katika barafu iliyo ndani ya kuta zake. Masharti ya OMS yanataka baridi hiyo idumu siku 3 au zaidi hata jua likikosekana. Kwa hiyo kunapotokea hitilafu, bado kuna muda wa kuitafuta. Muda huo unapotea bure kama kituoni hakuna anayejua aanzie wapi.

Pa kuanzia ni kipimajoto, kinachosomwa asubuhi na jioni. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likipanda juu ya 8, kitu cha kwanza kutazamwa ni paa: vumbi la kiangazi, majani makavu, tawi la mwembe lililokua likaleta kivuli. Kivuli kidogo tu kinapunguza sana nguvu ya paneli. Baada ya hapo ni waya, kama zimetafunwa na panya au viungio vimeshika kutu. Halafu mlango: mpira uliochakaa, au frigo inayofunguliwa kila mara kwa sababu mtu ameweka humo maji ya kunywa. Kisha nyuma ya frigo, kama hewa ya moto ina njia ya kutoka. Kompresa ni ya mwisho, na hiyo ni kazi ya fundi wa baridi. Hata yeye akiongeza gesi bila kutafuta inapovujia, pesa imetupwa.

Baridi ikizidi nayo ni hatari. Chanjo ya surua na matone ya polio huharibiwa na joto, lakini ya pepopunda na ya hepatiti B huharibika zikiganda. Alama iliyo kwenye chupa hubadilika rangi kwa joto, kuganda haikuonyeshi. Hapo ndipo ubaya ulipo: mtoto aliyepewa chanjo iliyokufa anaandikwa kwenye kadi kwamba amechanjwa, mama anarudi nyumbani na amani, na ugonjwa unamkuta hana kinga.

Kongo inajua bei ya watoto wasio na kinga. Mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 nchini. Mwaka 2017 polio inayotokana na virusi vya chanjo ilionekana Maniema, na virusi hivyo husambaa pale ambapo watoto wengi hawakuchanjwa vizuri.

Wapo watakaosema barabara ni mbaya na usalama wa Kabambare ni mdogo, fundi atafikaje? Hoja hiyo ndiyo inayodai fundi aishi karibu. Akingojewa kutoka Kindu wakati wa mvua, zile siku 3 zitakwisha kabla hajafika Salamabila. Vijana wanaotengeneza redio, simu na pikipiki wapo katika miji hiyo. Wakifundishwa na kupewa vifaa, kazi hii wataiweza.

Wengine watasema muuguzi ana kazi nyingi na mshahara hauonekani. Ni kweli, na ndiyo maana kupanda paa kufuta vumbi kusiongezwe juu ya kazi zake bila malipo.

Kila zoni ya afya inahitaji fundi mmoja anayelipwa, pikipiki yenye mafuta, na sanduku la vipuri: mpira wa mlango, waya, fyuzi, feni, vipimajoto. Mfadhili anayeleta frigo aweke katika mkataba huo huo pesa ya kuitunza kwa miaka. Wabunge wa jimbo, wanapopitisha bajeti kule Kindu, waulize swali moja kabla ya kupigia makofi frigo mpya: zile za zamani nani anazitengeneza, na analipwa na nani?