Hoki ya Barafu Si Yetu? Nani Kasema?

Kila ikipita klipu ya Ice Lions, timu yetu ya Kenya ya hoki ya barafu, komenti ni zile zile. "Barafu tunayoijua sisi ni ya ukwaju, bob kumi." "Maji ya mfereji yenyewe hayaji, hayo ya kugandisha mtayatoa wapi?" Sawa, nacheka, na hiyo ya maji inauma kwa sababu ni kweli. Lakini chini ya huo utani kuna kitu tumekubali bila hata kuulizwa: kwamba kuna michezo ya watu wengine, na kazi yetu sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe ni kutazama tu. Hilo ndo nalikataa.

Tuwekane sawa kwanza. Septemba 2024 Kenya ilipokewa kama mwanachama mshiriki wa IIHF, shirikisho la hoki ya barafu duniani. Kura bado hatuna, lakini jina liko kwenye daftari. Hawa ndio wenye mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 20, yale yanayoanza kila tarehe 26 Desemba, wakati huku Pirates hakuna hata pa kukanyaga. Januari 2025 kule Ottawa, Marekani iliifunga Finland 4-3 kwenye fainali, tena muda wa nyongeza. Juu kuna timu 10. Chini yake kuna madaraja mengine, na huko wamecheza vijana wa Mexico na Thailand. Thailand, wadau! Kwani kule kwaanguka theluji?

Kwa hivo hii hoja ya joto tuizike leo. Mitaa yetu imejaa watu wenye dada ama shangazi anayefanya kazi Ghuba. Mpigie umuulize. Ndani ya Dubai Mall kuna uwanja wa barafu wa kipimo cha Olimpiki, na nje jua la Julai linapita digrii 40. Cape Town, mji wa bahari kama wetu, umeandaa mashindano ya dunia ya madaraja ya chini zaidi ya mara moja. Barafu ya hoki haingojwi kutoka mbinguni, inatengenezwa: mabomba ya ubaridi chini ya sakafu, maji juu yake, na stima isiyokatika. Muuza samaki yeyote atakwambia barafu ni mashine na bili, si hali ya hewa.

Sasa swali la kweli: nani ana mlango wa kuingia? Kenya nzima uwanja wa barafu ni mmoja, na uko ndani ya hoteli, Panari, Nairobi. Ni mdogo kuliko ule rasmi wa mita 60. Na unajua uko barabara gani? Mombasa Road! Barabara imebeba jina letu, lakini wewe wa Mtongwe ukitaka kufika hapo ni karibu kilomita 500. Treni kutoka Miritini, behewa la kawaida, nauli ilipandishwa kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Kwa bei hiyo, kwenda na kurudi ni 3,000. Bado hujala, hujalipa kiingilio, hujakodi viatu. Fanya mazoezi mara nne kwa mwezi, hiyo ni 12,000 ya nauli peke yake. Nyumba gani Chaani ama Mishomoroni inatoa hizo pesa mtoto akateleze?

Wachezaji wa Ice Lions siwalaumu. Hao walishikilia mchezo wakati hapakuwa na timu hata moja nchini ya kucheza nao, mpaka 2018 kampuni ya Kanada, Tim Hortons, ikawapeleka kule wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Wanastahili makofi. Ninaowauliza ni wenye kupanga: siku mkichagua vijana wa chini ya miaka 20, mtaiita timu ya Kenya ama timu ya walio karibu na Panari?

Na hii si barafu tu. CHAN ya Agosti 2025 ilipokuja, mechi zote za Kenya zilikuwa Kasarani na Nyayo. Sisi uwanja wetu wa manispaa ulikaa miaka na miaka kwenye ukarabati. Mpira wa miguu, mchezo usiohitaji barafu wala hoteli, nao ulitupita.

Kuna atakayesema, "Watu wana njaa, wewe waleta hoki." Haya. Kila vijana wa mapanga wakizua vurugu Kisauni, kunaitishwa mkutano, na kila mkutano lazima mtu aseme "vijana wapewe shughuli." Shughuli gani? Kombe la mheshimiwa, jezi seti moja, mipira miwili, picha, kwaheri. Ukitaka kijana aache kona, mpe kitu kinachomdai kila jioni kwa miaka, si wikendi moja kabla ya kura.

Mimi siombi barafu Likoni kesho. Naomba vitu vitatu. Kila upande wa bara upate sakafu moja ya zege laini yenye taa, kwa hoki ya skeiti za magurudumu, maana mizani ya mwili na ufundi wa fimbo unaujenga hapo hapo. Shirikisho lilete viatu na fimbo zilizotumika pamoja na kocha, na lifanye majaribio Mombasa angalau mara moja kwa mwaka. Na kaunti iseme hadharani sakafu hiyo itakaa wapi na itaisha lini.

Umri wa junia hausubiri mtu. Mtoto wa miaka 12 anayekimbiza skeiti kuukuu barabarani, akiwakwepa tuktuk, amebakisha miaka minane tu. Zikipotea kwa mikutano na komenti za ukwaju, hakuna wa kumrudishia.

Kama wanipinga, nipinge kwa hoja. Na kama wakubali, andika mtaa wako hapo chini na useme ni kiwanja gani kimekaa bure. Tukiwa na orodha, tutajua pa kuipeleka.